Isale la Taya

Fredy alisoma majina ya wanaokwenda kozi akiwa amesimama juu ya kreti, ili hata wa nyuma wamwone. Kila jina lilipotajwa, mwanamume mmoja alicheka na wenzake wakampiga mgongoni. Alipomaliza alisema waliochaguliwa wawe getini Jumatatu asubuhi. Basi la kampuni litawapeleka Arusha, watasoma uongozi miezi mitatu, wakirudi watapewa vyeo vya umeneja. Wanawake wanaochambua kahawa, ambao ndio wengi kuliko watu wote pale kiwandani, walipiga makofi kidogo wakarudi kwenye meza zao.

Mektrida hakupiga makofi. Alikuwa msimamizi wa zamu ya asubuhi, ana diploma yake ya biashara, na baadhi ya wale waliokuwa wanapigwa mgongoni alikuwa amewafundisha kazi yeye. Alimfuata Fredy ofisini na hakubisha hodi.

"Jina langu liko wapi?"

Fredy alikuwa ofisa utumishi wa kiwanda. Alikuwa pia mtoto wa mzee Primus, ambaye ni baba mkubwa wa Melkior, mume wa Mektrida. Alimwonyesha kiti. "Karibu, shemeji. Kaa kwanza."

"Sikuja kukaa."

"Lilikuwepo. Nilimpigia Melkior, akasema haiwezekani. Kama mwaka jana tu."

"Mwaka jana ulimpigia?"

"Hakukwambia?" Fredy alishangaa kweli. "Akasema una mambo mengi nyumbani. Mimi nikajua mmeongea."

"Ulimpigia kumwuliza nini?"

"Shemeji, siwezi kumchukua mke wa mtu nikamlaza hotelini Arusha miezi mitatu bila kumwuliza mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?"

Fredy alikohoa. "Usinichukulie vibaya. Ni utaratibu wa siku zote. Nawaulizia wote."

"Melkior akipanda mlima na Wajerumani, huwa unanipigia mimi?"

"Ile ni kazi, shemeji."

"Na hii ni nini?"

Fredy alitazama simu yake kana kwamba jibu lingetoka humo. Mektrida alitoka akauacha mlango wazi.

Alimkuta Loveness kwenye mizani, anapima magunia. Loveness ni mjane, na ulimi wake kila mtu anaujua. Mektrida alimweleza. Loveness aliweka kalamu sikioni akacheka kwa hasira.

"Kumbe hata wewe? Mimi nilijiuliza wamempigia nani, maana wangu yuko kaburini. Kumbe walimpigia shemeji yangu wa Chekereni, yule mlevi. Akawaambia nikienda Arusha nani atamvunia mpunga wake."

"Na Ruth wa maabara? Yeye hajaolewa."

"Ruth waliambizana wasubiri aolewe, wajue huyo mume atakuwa mtu wa namna gani."

Walicheka wote wawili. Halafu Mektrida akafunga kitambaa chake vizuri, akapanda ngazi kwenda kwa meneja mkuu.

Bwana Yohana alitoka Mbeya na hakuwa na ndugu hapa. Alimsikiliza akiwa anasaini vitu, kisha akaacha kusaini. "Mimi kila mwaka naambiwa wanawake wa Kilimanjaro hawapendi kozi," alisema. "Wanapenda biashara zao. Nikaamini." Alimwita Fredy, hakumgombeza, alimwuliza tu kama ni kweli. Fredy alisema ni kweli, ila ni kwa heshima. Bwana Yohana alifikiri kidogo. Praygod, mmoja wa waliochaguliwa, alikuwa ameacha kazi jana yake, na nafasi yake ilikuwa imewekewa kijana wa stoo anayeitwa Lucky.

"Mwandike mama huyu," alisema. "Lucky akae akiba. Jumatatu mama asipoonekana, Lucky apande basi. Mimi nasafiri leo, sitakuwepo kuamua ugomvi." Akamtazama Mektrida. "Usiniangushe, mama."

"Nitakuwepo," Mektrida alisema.

*

Nyumbani kwao ni Uru, juu ya mji, kwenye kihamba cha migomba na kahawa alichoachiwa Melkior na baba yake. Melkior ni kiongozi wa wageni mlimani. Alikuwa ameshuka siku hiyohiyo na wageni wake, na Mektrida alimkuta ameketi kwenye kibaraza anakwangua matope kwenye buti lake zito la mlimani. Mama yake, Apolonia, alikuwa anamkatia ng'ombe majani. Jua lilikuwa bado juu.

"Fredy amenipigia," Melkior alisema bila kuinua kichwa. "Amenikuta kilabuni, mbele ya watu. Umekwenda kunishitaki kwa mgeni."

"Sikukushitaki. Niliomba nafasi yangu."

"Bila kuniambia."

"Wewe ulipokataa mara zote mbili uliniambia?"

"Nilikataa kwa sababu jibu ni hapana. Nani atamwangalia mama? Nani atamkamua ng'ombe? Mimi siku zote niko mlimani."

"Ukiwa mlimani mimi niko kiwandani, na ng'ombe hajafa."

Apolonia aliacha kukata majani. "Mektrida," alisema, "nyamaza tu, mwanangu. Ataongea hasira zikiisha."

"Wapagazi wangu walikuwepo pale," Melkior aliendelea. "Watu ninaowaamrisha. Mmoja akaniuliza, bosi, mkeo akiwa meneja utambebea mkoba? Wakacheka. Wamecheka, unasikia? Mimi nimewafikisha watu kileleni mpaka nimesahau hesabu yao, halafu nichekwe na mpagazi."

"Ulitaka nifanye nini? Nikae msimamizi mpaka nife, ili mpagazi asicheke?"

"Nilitaka ukae nyumbani kwako."

"Jumatatu naondoka, Baba Rachel."

Melkior alisimama na buti mkononi akampiga nalo. Kisigino kilimpata Mektrida kwenye taya, na kilitoa mlio ambao Apolonia aliusikia mpaka kwenye zizi. Hakuanguka mara moja. Alishika nguzo ya kibaraza, akafungua mdomo kusema kitu, na damu ikatoka badala ya neno. Melkior akampiga tena palepale, na safari hii akaenda chini. Akampiga teke la mbavu, kisha la mgongo, akisema kila mara, "Nenda sasa. Nenda Arusha. Nenda."

Rachel, binti yao, alikuwa anatoka shule. Alitupa begi akamrukia baba yake mgongoni, akamng'ang'ania shingo. Melkior alijipinda akamrusha kama mzigo, na mtoto akaangukia kwenye mawe ya mfereji wa maji, akachubuka kiwiko chote.

"Utawaua," Apolonia alisema. Alikuwa amesimama na mundu mkononi na hakuwa amesogea hata hatua moja. Mumewe, alipokuwa hai, alimzoesha kutosogea.

Melkior alitazama buti, akalitupa kwenye migomba, akaondoka kwenda barabarani. Mektrida alitambaa mpaka kwenye mfereji. Alijinawisha uso na maji yakawa mekundu yakaelekea kwa majirani. Alitaka kumwambia Rachel asilie, akakuta taya halimtii.

*

Taya lilikuwa limevunjika sehemu mbili. Daktari alimfunga meno ya juu na ya chini kwa waya, akamwambia hatafungua mdomo kwa wiki kadhaa. Atakula uji mwepesi na mtori uliochujwa, kwa mrija. Akampa mkasi mdogo wa kukatia waya, umefungwa kwenye uzi, avae shingoni. Akitapika akiwa amefungwa hivyo anaweza kukabwa na matapishi, kwa hiyo mkasi usimtoke.

"Naruhusiwa kusafiri?" Mektrida aliuliza. Maneno yalipita kati ya meno, midomo ndiyo ikifanya kazi yote.

"Kwenda wapi na hali hiyo?"

"Arusha. Kukaa darasani."

Daktari alimtazama Loveness, aliyekuwa amekuja naye, kama mtu anayetafuta mkubwa wa kuongea naye. Loveness akasema, "Mjibu yeye. Taya ndilo limevunjika, masikio yapo."

"Kukaa unaweza," daktari alisema. "Maumivu utayajua mwenyewe."

Polisi walikuwa wameandika fomu ya matibabu kabla ya yote. Askari wa zamu aliuliza kama wamemalizana nyumbani au bado, na kama mume anajulikana alipo. Mektrida aliandika jina la mume na mahali anapopatikana. Askari akasema watafuatilia. Melkior alishinda Jumamosi nzima kilabuni, mahali palepale palipoandikwa, na hakuna aliyefuatilia.

Mektrida hakurudi Uru. Alikwenda Rau kwa kaka yake Filemon. Rachel alibaki na bibi yake, kwa kuwa Melkior alituma ujumbe kwamba mtoto ni wa ukoo na hatoki kwenye kihamba.

Filemon alimpokea dada yake vizuri, akamwachia kitanda cha watoto. Asubuhi ya Jumapili, baada ya misa, alimletea uji akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Leo watakuja," alisema. "Mzee Primus amenipigia. Wanakuja na isale kuomba msamaha."

Mektrida alivuta uji kwa mrija.

"Utapokea," Filemon alisema. "Usinitie aibu. Hakuna mtu aliyewahi kukataa isale kwenye nyumba hii. Baba aliletewa isale na mtu aliyemuua ng'ombe wake, akapokea huku analia."

"Naijua mila."

"Na wataomba uache mambo ya polisi. Na ya Arusha."

"Wataomba kwa isale hilohilo moja?"

"Isale ni isale, Mektrida. Linamaliza."

Alinyonya uji wote, akamrudishia kikombe.

*

Walikuja mchana, wamevaa nguo za kanisani. Mzee Primus alitangulia na fimbo yake. Fredy alikuwa nyuma na dumu la mbege, pombe ya ndizi. Melkior alikuwa amenyoa ndevu na amevaa koti, anavuta kamba ya mbuzi beberu. Apolonia alikuja mwisho, amemshika Rachel mkono ulio mzima.

Mektrida aliwekewa kiti uani, karibu na ukuta wa nyumba. Alimsalimu Primus shikamoo, ikatoka kama mluzi, na mzee akaitikia marahaba akiangalia pembeni. Rachel alikwenda kusimama nyuma ya kiti cha mama yake. Hakuna aliyemkataza.

Primus alizungumza kwa utulivu, Kiswahili kidogo na Kichagga kingi. Alisema nyumba yoyote ina moshi. Alisema shetani ndiye aliyeingia, na shetani ametolewa. Kisha akafungua gazeti na kutoa jani la isale, bichi, limefungwa fundo. Akampa Melkior.

Kila mtu pale alijua kinachofuata. Anayeleta isale hutaja kosa lake kwa mdomo wake, mbele ya watu. Aliyekosewa akilipokea, kosa lile limekwisha, halidaiwi tena na halitajwi. Njiani walikuwa wamekubaliana Melkior ataje nini. Fredy aliuliza kuhusu zile simu, naye Primus akamkatiza. Simu si kosa, alisema. Mume akiulizwa habari za mkewe anajibu, na hakuna mtoto wake atakayepigishwa magoti kwa ajili ya kupiga simu. Melkior akasema hata yeye hawezi kuomba radhi kwa kusema hapana. Basi wakaliacha.

Melkior alipiga goti moja. "Nilikupiga," alisema. "Nilikuvunja taya, na mtoto nilimwumiza. Nimekosa. Naomba unisamehe."

Alikuwa anamaanisha. Macho yake yalikuwa mekundu. Apolonia alifuta pua kwa kanga.

Mektrida hakunyoosha mkono. "Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

"Hakuna kosa lingine?"

Melkior alimtazama baba yake mkubwa. Primus alitikisa kichwa. "Amesema lililopo, mama. Lingine hatulijui."

"Mzee, nauliza tena ili wote wasikie. Isale hili ni la kunipiga. La kosa lingine halipo."

"La kukupiga," Primus alisema. Sauti yake ilianza kukosa subira. "Limetosha, pokea."

Mektrida alilichukua. Filemon akashusha pumzi mpaka ikasikika. Fredy akamimina mbege, Melkior akasimama akajikung'uta goti, na vijana wa jirani wakamlaza mbuzi kwenye majani ya migomba nyuma ya nyumba. Mbuzi alilia kidogo akanyamaza. Rachel alianza kulia bila sauti, na Apolonia akamwambia, "Basi, imekwisha. Kesho mama yako yuko nyumbani."

"Kesho niko Arusha," Mektrida alisema.

Fredy aliacha kumimina mbege.

"Umepokea isale," Primus alisema.

"Nimepokea, mzee. La taya. Taya nimesamehe, mbavu nimesamehe, kiwiko cha Rachel nimesamehe. Polisi nitawaambia hivyo." Alipumzika ili ameze mate. "Kunikatalia kazi kwa siri hamkulitaja. Nimewauliza mara mbili, mkasema hakuna. Basi hilo sijaombwa kulisamehe. Na Arusha hakuna aliyeniomba nisiende. Jani limeshapokewa, mbuzi ameshakufa."

Filemon alifunika uso kwa mkono, haikujulikana kama ni aibu au anacheka. Fredy alitazama ndani ya kibuyu chake.

"Baba," Fredy alimwambia Primus taratibu, "nilisema tutaje."

"Kimya," Primus alisema. Aligeukia kiti. "Mwanamke, unacheza na mambo ya wazee."

"Siyachezei. Nimeyafuata kama mlivyoyaleta. Tukiongeza leo kosa jingine kwenye jani lililokwisha pokewa, kesho nani ataamini isale la nyumba yenu?"

Mzee alijua ni kweli. Alikuwa amesuluhisha watu maisha yake yote kwa jambo hilohilo, na sasa hakuwa na pa kupita. Alikaa chini akashika fimbo kwa mikono miwili.

Melkior hakukaa. Alikuwa anatazama kwenye pembe ya nyumba, ambapo vijana wawili wa jirani walikuwa wameacha kuchuna mbuzi wakawa wanasikiliza. Mmoja wao alikuwa anatabasamu. Pengine hakuwa anamcheka, lakini Melkior aliona meno.

Alikwenda pale akachukua kisu kwenye mkono wa yule kijana. Kilikuwa kimejaa mafuta na damu. Aliporudi hakukimbia, alitembea kama mtu anayekwenda kuchukua kitu chake.

"Nipe isale langu," alisema.

Mektrida alisimama, jani kifuani. Rachel alikuwa bado nyuma yake, na kiti na ukuta vilikuwa vimewabana wote wawili.

"Baba Rachel, weka hicho kisu."

"Nipe."

Kumpiga mtu aliyeshika isale ni jambo ambalo kwa Primus halikuwa na jina. Alibaki ameketi, fimbo mikononi. Filemon alikuwa mbali. Fredy alikuwa karibu, na dumu liko mkononi, na hakulitupa.

Aliyesogea ni Apolonia. Alipita katikati, mwanamke mfupi mwenye kanga mbili, na kisu kilipoinuliwa alikishika. Alikishika kwenye makali, kwa mkono wa kulia, akakaza. Melkior akavuta. Akavuta mara ya pili kabla hajaelewa kilichokuwa upande wa pili wa kisu, na ncha za vidole viwili vya mama yake zikabaki zimening'inia kwa ngozi.

"Mama," alisema.

"Vuta tena," Apolonia alimwambia. "Maliza."

Ndipo Filemon alipofika. Alimpiga shemeji yake kwa mguu wa kigoda, na vijana wa jirani wakaingia, na mtu mwingine akaruka ukuta kutoka barabarani bila hata kujua kisa. Walimpiga mpaka koti likachanika na sikio likapasuka. Fredy, baada ya kutua dumu kwa uangalifu lisimwagike, alikwenda naye akampiga binamu yake teke, moja tu, halafu akarudi nyuma akatapika. Walimfunga Melkior mikono kwa kamba iliyomleta mbuzi. Safari hii polisi walifika haraka, kwa kuwa jirani alisema kuna mauaji.

*

Hospitalini walimkata Apolonia ncha za vidole vile viwili, wakamshona kiganja. Primus alisimama miguuni pa kitanda, bado na nguo za kanisani, zina damu ambayo hakuijua ni ya nani.

"Tutasema kisu cha kuchinjia kiliteleza," alisema. "Ulikuwa unasaidia."

"Mimi? Nachinja mbuzi?" Apolonia alimwuliza. "Tangu lini mwanamke wa ukoo wenu akapewa kisu cha mbuzi? Hata huyo askari ataniuliza."

"Ni mwanao, Apolonia."

"Najua ni wa nani. Nimemzaa."

Primus aliondoka bila kuaga. Wakabaki wanawake watatu: mmoja hana ncha za vidole viwili, mmoja hafungui mdomo, na Rachel, ambaye alikuwa hamwangalii mama yake.

"Bibi amekatwa kwa ajili ya kozi," Rachel alisema kwa ukuta.

Taya lilikuwa linamuuma Mektrida kiasi cha kumtoa machozi. Alikaa ukingoni mwa kitanda. Alijua kitakachosemwa Uru. Mume yuko mahabusu, mkwe yuko wodini, na mke wa nyumba yuko hotelini Arusha na wanaume. Kanisani hata mwanakwaya mwenzake hatamwachia nafasi kwenye benchi.

"Nitabaki, Mama," alisema. "Nitampigia Fredy. Ampeleke Lucky."

Apolonia aligeuza kichwa polepole. "Unambakia nani?"

"Wewe. Nani atakuosha? Nani atamkamua ng'ombe?"

"Mwambie Primus akamkamue. Yeye vidole vyote anavyo."

Rachel alitoa sauti, kicheko kilichokuja vibaya, akakizuia.

"Sikiliza," Apolonia alisema. "Siku ile ya buti nilisimama na mundu nikaangalia. Nimeangalia hivyo tangu nilipoolewa. Leo nimesogea, na angalia nilichopata. Ukirudi kukaa jikoni nitakuwa nimetoa vidole vyangu kwa sababu ya nini? Kwa ajili ya supu ya mbuzi?" Alifumba macho kwa maumivu, akafumbua. "Mtoto nitakaa naye. Kwenye kihamba kile nimeishi mimi zaidi ya Primus, aje anitoe. Wewe nenda. Na usinitumie salamu za huruma, nitumie sabuni."

Rachel aligeuka kutoka ukutani. "Utarudi?" aliuliza.

"Miezi mitatu," Mektrida alisema.

"Sijauliza lini. Nimeuliza utarudi."

"Nitarudi kwako. Kwa baba yako sijui."

Rachel aliitikia kwa kichwa. Hakumkumbatia, ila alimtengenezea uzi wa mkasi shingoni, ukae vizuri ndani ya kola.

*

Jumatatu basi lilikuwa limewaka injini getini. Wanawake wa kuchambua kahawa walikuwa wanaingia kazini, na walipomwona Mektrida na uso wake wa zambarau waliacha njia katikati. Loveness alimbebea begi mpaka mlangoni akampa.

"Ndani ni kwako peke yako," alisema. "Mimi hawajaniruhusu, shemeji yangu anavuna mpunga."

Fredy alikuwa chini ya ngazi za basi na simu yake. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Shemeji," alisema, "sikutegemea ungekuja. Mzee anasema, kwa hali iliyopo, ukoo unaomba usogeze mpaka mwakani. Nimeshampandisha Lucky."

"Meneja alisema nisipoonekana. Unaniona?"

"Nakuona."

"Basi nipishe."

Hakumpisha, lakini pia hakumzuia, na yeye akapita ubavuni mwake. Ndani, viti vilikuwa vimejaa wanaume wenye mashati mapya. Mazungumzo yalikatika. Lucky alikuwa kiti cha tatu, dirishani, begi limekaa pajani. Alikuwa kijana wa watu, hakuwa na ubaya na mtu.

"Shikamoo, Mama Rachel," alisema. "Nimeambiwa hauji."

"Nimekuja. Shuka."

Lucky alimtazama Fredy kupitia dirisha. Fredy alitazama simu. Mmoja wa wanaume wa nyuma akasema, "Mama, mwachie kijana, wewe nenda kapone kwanza. Hata kuongea huwezi, utaongozaje watu?" Wawili watatu wakacheka, si kwa nguvu.

Mektrida alichukua begi la Lucky kutoka pajani mwake. Alilitoa kwa ghafla kiasi kwamba mkono wa kijana uligonga chuma cha kiti. Akalisukuma dirishani. Liliangukia kwenye tope, zipu ikafunguka, na mashati yake mapya yakatoka nje mbele ya wanawake wa kuchambua kahawa. Lucky alisimama, akaangalia mashati, akaangalia uso wa zambarau uliokuwa juu yake, akatoka mbio kwenda kuyaokota.

Mektrida alikaa. Aliyekuwa amecheka alisogeza miguu yake kutoka kwenye njia.

Waya mmoja ulikuwa umechomoka na kumchoma shavu kwa ndani wakati anavuta begi, na damu ilimjaa mdomoni. Hakuwa na namna ya kuitema. Aliimeza, akamwambia dereva, kati ya meno, aondoe gari.